Kulia kwa Kushoto

Lilifika Masasi ndani ya gunia la korosho,
shingo nje, kama mbuzi anayepelekwa mnadani.
Somoe Chilumba akalilaza mezani kwangu
kati ya redio mbili zilizokufa na feni ya msikiti.
"La marehemu baba. Nasikia la zamani lina bei.
Kuna mtu Dar analitaka, ila analitaka la asili.
Lirudishe lilivyozaliwa."

Nikasema sawa. Kusema hakulehemu waya.

Rangi ya juu ilikuwa kijani,
kijani kile cha mlango wa ghala la ushirika,
imepakwa kwa haraka, nzito,
unywele wa brashi umo humo mpaka leo.
Chini yake nyekundu. Chini ya nyekundu,
nilipokwenda polepole na wembe na pamba ya spiriti,
manjano ya bibo lililoiva,
pembeni ikiungua kuwa kahawia.

Jina la kiwanda lilikwanguliwa kichwani.
Kimebaki kivuli: herufi ya mwisho ina mkia.
Nikafungua skrubu nne za shingo,
tatu za kwao, moja ya bawaba ya kabati.
Kisiginoni, kwa penseli: 3-64.
Mtu fulani ng'ambo, ana mafua, au ana deni,
aliandika hivyo akageukia shingo nyingine.

Kisha tumbo. Hapo nilicheka peke yangu.
Sumaku ya mbele ya kiwandani; ya nyuma
imesukwa kwa mkono, kwa waya wa mota,
mizunguko elfu na elfu, na katikati fundo:
mtu alikuwa akihesabu, akaitwa, akarudi.
Swichi ya taa ya ukutani.
Kitufe cha sauti cha mpingo,
laini kama jino la mtoto.
Huyu hakuwa mharibifu.
Huyu alikosa duka, hakukosa sikio.

Nilichelewa kukitazama kizingiti cha mfupa,
pale nyuzi zinapoingia shingoni.
Kila mfereji ulikuwa umechongwa mara mbili:
mpana ukazibwa kwa unga wa mfupa na gundi,
mwembamba ukapanuliwa.
Nikaligeuza gitaa, nikalipakata kinyume.
Palipochakaa vanishi pakapokea kiwiko changu.
Tundu la mkanda, limezibwa kwa njiti za kiberiti,
lilikuwa upande wa pili.
Na pembe niliyodhani imevunjika
ilikatwa kwa msumeno, kwa makusudi,
ili kiganja kifike juu.

Nikampigia simu. "Baba yako alikuwa wa kushoto?"
"Baba? Baba hata nzi alimpiga kwa kulia."
Nikasikia mashine ya kusaga upande wake, kisha
nikasikia ikizimwa.
"Mama ndiye," akasema. "Alipakua kwa kushoto.
Wageni wakiingia, alihamisha mwiko.
Bibi aliwahi kumfunga mkono ule kwa ukindu,
mwezi mzima."

Mkono wa kulia ni wa kulia chakula,
tulifunzwa hivyo sote, wengine kwa kofi.
Hakuna aliyetuambia kwamba kitu chenye nyuzi
nacho kina kulia kwake.

Nani alilirudisha kulia baadaye,
kwa hasira au kwa kubembeleza, sijui.
Gundi haisemi. Ni gundi nzuri tu.

Ijumaa Somoe alikuja na vumbi la Newala miguuni.
Nikamwambia: pembe naweza kuipachika kwa mninga,
kijani nitakimaliza kwa msasa, swichi nitaitoa.
"Lakini asili unayoitaka ni ipi?
Ya kiwanda? Ya mama? Ya aliyeziba?"
Hakujibu. Alikichukua kitufe cha mpingo
akakizungusha, akakizungusha,
na sikumwangalia anatumia mkono upi,
maana si kazi ya fundi.

"Zibua," akasema.

Nimezibua mifereji mitatu. Imebaki mitatu.
Yule wa Dar amepiga mara nne.
Kijani nimekiacha mgongoni,
na ile skrubu ya bawaba sijaitoa:
imeshika kuliko zile tatu.